Tulifungua Kabla ya Kuhifadhi

Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
Jumatano, 14 Oktoba 1998.

Mpendwa mdogo wangu Kondo,

Marehemu baba alituzoesha kwamba barua iendayo kwa aliye mbali husomwa kwanza mbele ya waliobaki, asije mtu akasema limeandikwa asilolijua. Kwa hiyo maneno haya nayasoma nikiwa nimesimama sebuleni, na adabu inanitaka niwatambue walio mbele yangu kabla sijakugeukia wewe. Shangazi Mwajabu, mkubwa wetu sote, uliyelala kwenye kitanda tulichokusogezea dirishani: shikamoo. Mjomba Abdulrahman: shikamoo. Mke wangu Mauwa pamoja na akina mama wa ukoo: asalaam aleikum. Naima binti yangu, nanyi vijana mlioketi mkekani, nimewaona.

Nawe, Kondo, u hali gani huko Kopenhageni? Shikamoo uliyoitanguliza mara ya mwisho nimeipokea, marahaba. Baridi imekwisha kuanza? Kifua kinakusumbua? Sisi wengine tu wazima. Shangazi si mzima, na hilo ndilo lililonifanya nichelewe kukuandikia, hilo pamoja na aibu.

Unajua kwamba wapimaji wa barabara watafika makaburini kwetu Mbagala Jumatatu ijayo, tarehe 19. Kaburi lenye jina litahamishwa peke yake, na jamaa zake watasimama pale. Yasiyo na jina yatahamishwa kwa pamoja. Kwa sababu hiyo ulikaa ukanakili daftari la maziko la baba, ulilo nalo huko, makaburi ishirini na matatu, ukatuletea orodha kwa barua pepe ili Shangazi aisahihishe, maana ndiye pekee aliye hai aliyeyashuhudia maziko yote.

Jumamosi ya tarehe 3 mimi, Mauwa na Naima tulimpeleka kwa teksi hadi duka la kompyuta la Edgar, kijana mwungwana kutoka Songea, aliyemtolea Shangazi kiti chake mwenyewe. Kwanza mashine iligoma. Ilikuwa haijui orodha yako ni kitu cha namna gani. Edgar alieleza kwamba kompyuta ya Makintoshi, kama hiyo ya kiwandani unakofanya kazi, huitambua faili kwa alama iliyofichwa ndani yake, lakini Windows, tunayoitumia huku, hutazama nukta na herufi tatu za mwisho wa jina. Wewe hukuziweka, kwa kuwa kwako hazihitajiki. Akaziongeza, na dirisha dogo likatokea.

Naima akasema, "Baba, inauliza tufungue au tuhifadhi."

Shangazi akamgeukia. "Tuhifadhi nini?"

"Barua ya Baba Mdogo, Bibi. Tuiweke ndani kwanza, halafu ndiyo tuifungue."

"Barua ya mwanangu itiwe kabatini haijasomwa? Nyie mmelelewa wapi?"

Hakuna aliyembishia, nami sikumbishia. Katika nyumba hii barua haijapata kuwekwa kabla ya kusomwa. Isitoshe, wewe mwenyewe ulituandikia: fungueni tu, haiendi popote, itabaki juu ya meza. Tukafungua.

Kwa saa tatu Naima alisoma jina baada ya jina, na Shangazi akasahihisha. Hata alitania. Alipofika kwa babu Mbwana alisema msimweke karibu na mkewe wa pili, hata kama ndiko alikozikwa, watu walale. Masahihisho yalifika kumi na moja. Naima akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, mashine ikakubali bila neno. Mashine ya kuchapa ilikuwa haina wino. Edgar akatuomba turudi Jumatano.

Jumanne alfajiri Shangazi alianguka akienda kutawadha. Madaktari wanasema ni kiharusi. Anasikia, anaelewa, mkono wa kuume unamtii. Ulimi haumtii.

Jumatano tulirudi kwa Edgar tukiwa na moyo mzito, lakini tukijua kwamba walau maneno yake tunayo. Hatukuwa nayo. Tulipata orodha yako ileile, kama ulivyoituma, bila sahihisho hata moja.

Edgar alinieleza kwa upole, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Kwenye mashine yako, kinachopakuliwa huwekwa juu ya meza, yaani kwenye uso wa kioo, hata ukikifungua papo hapo. Kwenye mashine ya huku, ukichagua kufungua, faili hukaa mahali pa muda tu, na chochote unachokihifadhi baada ya hapo hurudi palepale. "Mwalimu," alisema, "pale mimi nafagia kila jioni, diski isijae. Sikujua kama mna kitu mle." Alikuwa karibu kulia. Alitafuta siku nzima, akampigia na rafiki yake, hakikupatikana kitu.

Kondo, usijilaumu kwa ushauri wako. Ushauri huo ulikuwa sahihi huko uliko. Naima naye nimemkataza kulia kila amwonapo Bibi yake. Ikiwa pana wa kulaumiwa, ni mwalimu aliyefundisha watoto kuandika kwa miaka thelathini na moja, akakaa saa tatu bila kuandika neno, akiamini kioo kinaandika. Mauwa amekwisha kuniambia: "Kalamu mfukoni kama pambo la harusi."

Sasa nikuambie linaloninyima utulivu. Katika yale kumi na moja, moja lilimhusu mama. Shangazi alisema kaburi tulisomealo dua kila Idi si la mama, ni la mama mdogo Tatu. Mama, alisema, yuko upande wa mnyaa, ule mti wa utomvu. Mimi nilisikia: wa tatu kutoka kwenye mnyaa. Mauwa alisikia wa nne. Naima aliandika, lakini akili yake ilikuwa kwenye vidole, hakumbuki. Watu wanne tulimsikia, Edgar akiwemo, na hatukubaliani juu ya kaburi la mama.

Jana nilimshika Shangazi mkono nikamwuliza, wa tatu au wa nne? Akanibana kidole mara moja, akapumzika, akabana tena. Nilipomwuliza upya alifumba macho, machozi yakamtoka. Sikuthubutu kuuliza mara ya tatu.

Shemeji yetu Salma umsalimie sana, na watoto wabusu kwa niaba ya bibi yao. Mjomba Abdulrahman anakuombea, na Mauwa anasema uvae sweta. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akujaalie kurudi ukutane na wote waliomo katika salamu hizi.

Naima ataichapa barua hii ndani ya ujumbe wenyewe, bila kitu cha kufungua. Nawe fungua daftari la baba, utazame kama alichora mnyaa ule. Ukiuona, usituandikie orodha. Tuletee ukurasa wenyewe, kwa mwandiko wake, kwa faksi ya dukani kwa Edgar, kabla ya Ijumaa jioni.

Ninyi mlio hapa, nisikilizeni, maana hili si la kujadili tena. Daktari ameruhusu, na Shangazi nilipomwuliza ameinua mkono. Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, vijana wanne mtamfikisha Mbagala kwa teksi, kisha mtambeba kwa kiti. Tutamwinamisha taratibu mbele ya kila kaburi, ishirini na tatu, na pale atakapoweka kiganja chake juu ya udongo tutachimbia kigingi na kuandika jina. Naima ataandika kwenye karatasi, Mauwa kwenye karatasi ya pili, na mimi ya tatu. Tutaanzia kwenye mnyaa.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ninayeisubiri faksi yako,

Twalib