Yumo wa Kulia

Mize, mke mwenzangu,

Salamu ya wenye makaburi nimeshakupa asubuhi nilipopita na jembe. Hii ni ya mie na weye tu. Usicheke mwandiko. Skuli sikuingia hata kwa kuchungulia dirishani, unajua. Nimebaki na herufi zetu za Kiarabu, za chuoni tulikosomea Kurani, na kwa hizo nakuandikia Kiswahili, kwa sababu mjukuu wako Zuhura huzisoma mojamoja kama anayetoa miba, na haya sitaki ayaone kabla sijamwambia kwa mdomo wangu.

Sikai leo. Muhogo nimeunguza. Uwanja nimeufagia mara mbili, kuku wananitazama. Nakaa, nainuka. Ungekuwepo ungenambia, "Tulia we mwanamke, mavi ya kuku hayakimbii." Hukuniachia mtu wa kunitukana, ndiyo tabu yangu.

Tangu uondoke Zuhura amerudi kusoma. Ualimu wake wa mjini Chake anao vilevile, lakini sasa anasomea digrii ya pili, ya kufundisha muziki. Masomo yenyewe hayana benchi wala kengele, saa anajipangia mwenyewe. Simu anaiegemeza kwenye kinu, mwalimu anasema huko aliko, yeye huku anakuna nazi. Nikamuuliza, masomo gani haya ya kusomewa juu ya mbuzi? Akanambia, "Ndiyo uzuri wake, Bibi, yananipisha nifanye kazi." Haya. Lakini siku mtandao ulipokatika katikati ya mtihani alilia kama aliyefiwa. Ameyatia roho, Mize.

Kazi yake ya mwisho ni wimbo. Alikuja na kalamu, akakaa mkekani: "Bibi, leo nataka tuchambue." Nikamwambia msimu bado, karafuu utazitoa wapi? Alicheka mpaka akashika ubavu. Kumbe nyimbo nazo siku hizi huchambuliwa, neno huku, mdundo kule, kama tulivyokuwa tukizitenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake. Nikamwambia, basi makonyo usiyatupe, nayo yana mafuta. Akaliandika na hilo! Mie najiona mwenye hekima, kumbe najitia kitanzi.

Akautaka wimbo wetu. Ule wa chungu. Nikamwimbia nilivyozoea:

Chungu chake chang'ara, jikoni kimetulia,
mfuniko wa shaba, ndani yumo wa kulia.

Akenda kuwauliza vizee wengine, nao wakamwimbia ulivyokuwa zamani. Akarudi kwa adabu zote. "Bibi, hapa umri umekuchezea. Wenzako wote wanasema *hamna* wa kulia. Na kweli, mtu atakaaje ndani ya chungu?" Akalikata lile *yumo* kwa kalamu nyekundu. Mbele yangu! Akaandika kwamba ni wimbo wa usafi: watu wameshakula, chungu kimeoshwa, hamna tena wa kulia. Darasa lake zima amelifundisha, wanaupigia makofi, akanisikilizisha kwenye simu. Watoto wanaimba kwa pumzi zote, *ndani hamna wa kulia*, nami nikainuka nikaingia ndani. Kama siku ile.

Usafi! Weye na usafi wapi na wapi.

Chungu nilikuwa mie, na wa kulia ni mtoto, wa kulia machozi. Miaka saba katika nyumba ya Hamadi, mume wetu, tumbo halijashika, nawe uliyekuja nyuma yangu una watatu. Tumekaa uwanjani tunachambua karafuu, wanawake wa mtaa wametuzunguka, ukaanza na wimbo wako wa chungu, *ndani hamna wa kulia*. Walicheka. Nikakujibu, sikubaki nyuma: *Chako chafurika povu, mwenyewe hukifuniki.* Wakacheka zaidi. Lakini lile la *wa kulia* lilikuwa limeshaingia. Karafuu nikaziacha mkekani. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, siku tatu sikuonana na mtu.

Ya nne ukaja. Umembeba Saumu, mama yake huyu Zuhura, kamasi mpaka kidevuni. Hukuomba radhi, weye na radhi hamkujuana. Ukamweka mapajani mwangu ukasema, "Nishikie, mkono waniuma." Nikamshika. Jioni hukuja kumchukua. Kesho yake hukuja. Mtoto analia kwangu, nawe uko uani, ukuta mmoja tu, unajifanya unapepeta mchele.

Na msimu uliofuata, uwanjani palepale, ukauanzisha wimbo mwenyewe. Ukafika pale, mie nimeshakunja uso, ukaimba *yumo*. Hakuna aliyethubutu kucheka. Lakini matusi ndiyo yenye miguu. *Hamna* lilizunguka vijiji, *yumo* halikutoka Pujini, halikutoka hata uwanjani kwetu.

Zuhura anajua damu yake ni yako. Hajui kwa nini mama yake alikulia chumbani kwangu. Alipokuuliza ulimwambia alipenda uji wangu. Sasa Jumatatu atasimama mbele ya walimu wake, kwenye kompyuta ya skuli, auimbe na kuueleza. Ameniletea karatasi nitie kidole, kwamba wimbo nimempa kwa ridhaa na maelezo ni ya kweli. Siku ya pili leo sijatia. Anadhani nimenunia kalamu nyekundu. Nikinyamaza, mtoto atasimama na uongo asioujua, na kizee yeyote akimsikia atamcheka. Nikisema, itabidi kazi aianze upya na siku nne ndizo zilizobaki. Na atakujua ulimi wako. Anakupenda, Mize. Ukiifungua simu yake, picha ya mwanzo ni weye.

Nilitaka unijibu leo pale kaburini. Maisha yote umesema pasipotakiwa, leo unatakiwa, kimya.

Basi naamua mie. Mke mkubwa ni mie.

Alasiri akirudi nitamkalisha mkekani nimpe makonyo yake. Nitaanza na *hamna*, ajue ulivyoniuma, sikufichii. Nitamwimbia na lile povu, ajue na mie sikuwa malaika. Kisha nitamwambia *nishikie*. Akilia, alie. Akikukasirikia, nitampiga kikofi nimwambie mwanamke aliyempa mwenziwe mtoto kwa mkono wake hakasirikiwi. Akiona siku hazitoshi, nitakuna nazi mie, nitafua mie, yeye aandike. Kidole nitatia mwisho.

Lala, Mize. Mungu akupanulie. Nyasi zako nimezing'oa, mrehani umeshika. Nakuahidi darasa lile litaimba *yumo* nami nikiwa hai, na atakayenisahihisha tena nitamfuata na mwiko.

Ulisema nishikie. Hukusema mpaka lini, nami sikuuliza. Nimeshika bado.

Mke mwenzio,
Chungu