Tanga la Mama Alphonce

Bweni la Wanafunzi wa Kigeni,
Guangzhou,
China.
Januari 10, 1999.

Mpendwa Shangazi Zainabu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mguu wako uwe umetulia kiasi cha kumaliza zamu ya zahanati bila kushika ukuta. Mfungo unaendaje huko Ujiji? Huku tunafunga kwenye baridi. Kiu haipo, lakini njaa, shangazi, usiniulize. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na masomo yanakwenda, ingawa walimu wa hapa wanafundisha hesabu kama watu wanaofukuzwa.

Kwanza nakushukuru kwa Mama Alphonce. Nilipokuomba umtafute miongoni mwa wakimbizi waliovuka ziwa kutoka Uvira, nilijua nakutwisha mzigo juu ya mizigo yako. Ulimtafuta, ukampata, ukamuuguza, na alipofariki ukahakikisha watu wa kanisa lake wanamzika kwa heshima. Sina cha kukulipa. Mungu ndiye atakayekulipa.

Sasa nikueleze habari za huyo mwanawe, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Unajua kwamba Alphonce ndiye nahodha wa timu yetu ya mpira wa kikapu hapa chuoni. Vita vya kwao vilianza mwezi wa nane, na ligi yetu ya vyuo ikaanza mwezi wa tisa. Kuanzia hapo ungeweza kujua hali ya Kongo kwa kumtazama yeye uwanjani. Redio ikisema mji umetekwa, kesho yake anacheza kwa hasira, anamgonga adui na wa kwake. Rotich, yule Mkenya wetu mrefu, alipigwa kiwiko mazoezini mdomo ukavimba. Akatuambia, "Msimseme. Hicho kiwiko si changu, kimepotea njia tu." Tukacheka, naye Alphonce akacheka, kisha akaenda kukaa peke yake nyuma ya ubao wa magoli.

Tulishinda sana, shangazi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Watu walikuwa wanajaa kututazama, na Kocha Liang, ambaye huwa hacheki hata akipewa zawadi, alianza kutununulia machungwa. Kumbe mwenzetu alikuwa anakimbia tu ili asifikiri.

Mwezi wa kumi na moja akapata habari kwamba kaka yake ameingia kwa wapiganaji. Akataka kumfuata. Ni wewe uliyemletea maneno ya mama yake kutoka kambini, kwamba akae asome, hakuzaa watoto wawili kwa ajili ya bunduki. Jioni akaja uwanjani, akasema, "Mama amekataa," akachukua mpira. Tukafika nusu fainali.

Ndipo Bi Mwanakhamis alipofika na ujumbe wako. Huyu mama wa Kiunguja nilishakutajia. Hununua vifaa vya shule na vitu vya watoto kule mtaa wa maduka wa Yide Lu, na wenye maduka wote humwita laoban, yaani bosi, ingawa kwa bei anawatoa jasho. Ulifanya vizuri kumpigia simu yeye kabla hajaondoka Dar, badala ya kunipigia mimi. Mimi nisingeweza. Sisi sote hapa ni vijana, hakuna mwenye umri wa kumkalisha mtu chini na kumpa msiba.

Alituita chumbani kwake katika nyumba ya wageni karibu na Zhanqian Road, akasema Alphonce aje mwisho. Alphonce alipofika mlangoni akaona viatu vyetu vyote vimepangwa nje, akasimama. Hakuvua vyake. Akaniuliza mimi, kwa Kiswahili chao cha Uvira, "Yasir, mama iko?" Bi Mwanakhamis akainuka, akamshika mkono kama mtoto, akamwambia, "Njoo ukae, mwanangu. Mamako katangulia."

Sitakueleza kilio kile. Wewe umevisikia vingi huko kambini kuliko mimi.

Alipotulia alisema neno moja tu ambalo lilitutia baridi. Alisema, "Aliyenikataza hayupo. Naenda." Wala hakulisema kwa hasira. Laiti angelisema kwa hasira! Rotich akaanza kumbembeleza kwa masomo, kwa ligi, kwa urafiki. Ni kama kusemesha ukuta.

Bi Mwanakhamis akamkata Rotich kauli. Akasema, "Khaa! Uende wapi, na tanga la mamako limewekwa hivi sasa? Utamwachia nani?" Hapo Alphonce akainamisha kichwa, kwa sababu tanga kwao ni tanga kama kwetu. Siku ile ile tukatandika mikeka chumbani kwetu bwenini, vitanda tukavisimamisha ukutani, tukakaa.

Nusu fainali ikaangukia ndani ya tanga. Hatukwenda. Kocha Liang alikuja mbio bwenini, uso mwekundu, akisukuma mlango huku anatugombeza kwa sauti ya kuamsha jengo zima. Akakuta timu yake yote sakafuni, miguu imejaa chumba, na Bi Mwanakhamis anagawa chai kwa wasiofunga. Nikamweleza. Kisha akavua viatu, akaketi karibu na Alphonce, akakaa hadi jioni. Kesho yake alileta vitambaa vyeusi, akatushonea mmoja mmoja kwenye mikono ya fulana, kwani ndivyo wafanyavyo kwao mtu akifiwa. Mechi walipewa wapinzani wetu. Hakuwahi kuitaja tena.

Tulirudi uwanjani kugombea nafasi ya tatu. Alphonce hakucheza. Mfiwa hachezi, alisema, na hakuna aliyembishia. Alikaa mwisho wa benchi na suruali yake ya kawaida, kitambaa mkononi. Tulipoanza kuzidiwa akasimama ghafla akamfokea Rotich, "Kulia kwako! Kulia!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti tangu siku ile. Rotich akageuka kumtazama, akapokonywa mpira. Tukafungwa. Nakuambia ukweli, shangazi, tulitoka uwanjani tukiwa na furaha kuliko walioshinda.

Lakini furaha hiyo haikumaliza jambo. Siku ya kuanua tanga ilipotimia, Alphonce alimfuata Bi Mwanakhamis akamwomba alianue, ili awe huru kusafiri. Begi lake lilikuwa limeshafungwa. Alikuwa amekwisha kuongea na wafanyabiashara wa Kiafrika wa Zhanqian Road, wanaorudi nyumbani, aondoke nao. Bi Mwanakhamis akamjibu, "Mimi jirani tu, baba. Tanga huanuliwa na mwenye maiti. Kaka yako yuko vitani. Basi mwenye maiti ni yule dada wa Ujiji aliyemzika mamako. Akisema lianuliwe, litaanuliwa. Asiposema, kaa."

Nilimuuliza baadaye kama kweli mila inasema hivyo. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Hapa Uchina, mila ndiyo mimi. Una neno?"

Basi hivyo ndivyo tulivyo mpaka leo. Mikeka haijakunjwa. Kila baada ya vipindi tunakutana, ninafuturu hapo hapo kwa uji wa Bi Mwanakhamis, wengine wanafanya kazi zao za darasani, na Alphonce yuko kati. Anakula. Anakwenda darasani. Juzi aliniomba nimweleze somo alilokosa. Begi liko palepale chini ya dirisha, na kila siku ananiuliza, "Shangazi yako amesema nini?"

Ameniomba nikuandikie, nami nimemwahidi nitakufikishia, kwa hiyo pokea kama alivyosema: anakushukuru kwa kumshika mama yake mkono mpaka mwisho, na anakuomba uanue tanga ili aondoke. Huo ni ujumbe wake, sikuupunguza.

Sasa langu. Mtu huyu akivuka kurudi kule, shangazi, utampokea ukiwa kwenye zamu, naye amebebwa. Sitaki. Namwogopea kuliko nilivyowahi kumwogopea mtu. Jana nilimwona akifunga kamba za raba zake za mpira, amesahau kwamba hachezi; alipokumbuka, akaziacha zimefungwa. Nahitaji muda tu. Timu nzima inahitaji muda.

Nisalimie Baba Mdogo Abass, mwambie redio aliyoniagiza nimeipata. Msalimie Swalha na wanawe, na Bibi umbusu mkono kwa niaba yangu. Rotich anakuamkia. Bi Mwanakhamis anakusalimu sana, anasema wewe unajua la kufanya. Mungu akuhifadhi, akupe nguvu kwa wagonjwa wako, na atufikishe sote sikukuu salama.

Barua zangu zote nimekuwa nikikuhimiza unijibu upesi, tena ukichelewa nanuna. Hii, shangazi yangu, nakupigia magoti: usiijibu. Ukimpata msafiri anayekuja huku, usimpe hata salamu. Kaa kimya, nami kila siku nitamwambia Alphonce bado hujasema.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Yasir