Waliozaliwa Januari Mosi

Juba, 20 Januari 2009

Mpendwa Dada Awien,

Salamu nyingi toka kwetu Gurei. Watoto hawajambo huko Kitale? Mguu wa Mama umepata nafuu? Sisi tuko salama, ila mimi kichwa kimevurugika, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Unajua ofisini ndimi ninayetunza orodha ya wafanyakazi. Desemba mudir wetu, mkuu wa ofisi, Bwana Dunstan kutoka Gulu, alinifundisha kuipa Excel sharti: mtu akifikisha miaka sitini, mstari wake mzima uwe mwekundu, maana huyo anastaafu. Mistari miwili tu ikawaka. Akanisifu kweli.

Tulipofungua baada ya Mwaka Mpya, salaala! Mistari kumi na tisa myekundu kwa mpigo. Nilidhani ni virusi. Nikazima, nikawasha; wapi! Nikafuta sharti, nikaandika upya, nyekundu ileile. Bwana Dunstan akauliza watu hawa wamezaliwaje siku moja kama vifaranga. Nilibabaika nusu siku nzima. Kumbe jibu nalijua tangu kambini Kakuma: asiyejua siku yake aliandikiwa Januari mosi. Hata wewe, hata mimi. Nilipomweleza alicheka mpaka machozi, kisha akasema tarehe ni tarehe, barua za kustaafu zitoke Ijumaa.

Dada, mmoja wa mistari ile ulikuwa wa Baba. Bila kazi yake ya geti, wadogo zetu akina Ayuel hawasomi. Uliofuata ni wa Mzee Gatkuoth, mlinzi mwenzake.

Sasa nikwambie nililolificha. Fomu zao nilizijaza mimi. Baba alijua tu kwamba alizaliwa mwaka ambao mvua zilichelewa, nami nikakisia 1949. Mzee Gatkuoth akasema niandike kama ya mwenzake Gai, yaishe. Alhamisi iliyopita nilibadilisha tarehe ya Baba ikawa 1954, na rangi ikatoka. Ya mzee sikuigusa. Niliogopa wakitoka wawili nitashikwa.

Jana mzee alikuja na barua yake nimsomee, maana humsomea siku zote. Niliisoma yote. Hakulalamika. Aliuliza tu kama Baba naye amepata yake, ili waende pamoja kurudisha sare. Nikamjibu bado.

Nifanye nini, dada yangu? Naona aibu hata kupita getini.

Msalimie Mama na shemeji. Baba anawasalimu sana; hajui lolote.

Ni mimi mdogo wako,
Adeng Gai