Kumi na Tisa Waliorukwa

Bondeni, Mombasa
Jumatano

Dada yangu Mejumaa,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama huko Matuga, na lile goti likiwa limepunguza kelele zake. Sisi hatujambo, wanao wa huku wanakuamkia. Mwanakuu, jirani mwema anayekusomea haya, naye nampa salamu zake.

Kwanza kabisa natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya ukoo mzima: nduguyo Gunga, mwenye miaka hamsini na miwili, amepewa kiti cha magurudumu. Usilie, si cha wagonjwa. Ni cha ofisini. Siku ya kwanza kilinikimbiza hadi kabatini, Daktari Jael, mkuu wetu hapa, akaniuliza kama nina leseni.

Kazi yangu hapa kliniki ya macho waijua nusunusu. Wewe huwaambia watu kwamba nduguyo anatengeneza kompyuta. Haya. Kweli yake ni kuwa naiandikia maagizo kwa lugha iitwayo Lispu, ambayo yote ni mabano ndani ya mabano, hata mwishoni mtu huyahesabu kama anayevuta tasbihi. Vijana wasema lugha hiyo na mimi tumezeeka pamoja.

Mwezi wa nne niliandika maagizo ya kuwapelekea wagonjwa ujumbe wa siku ya upasuaji. Katika orodha ya Cynthia, binti wa mapokezi, kila mgonjwa ana mstari wake: jina, kijiji, simu, jicho, vikitenganishwa kwa mkato. Maagizo yangu huukata mstari kila penye mkato, huchukua kipande cha tatu, na kutuma ujumbe huko. Tena siku hizi ukianza kuandika, kompyuta hukumalizia, kama Mwanakuu anavyokumalizia hadithi zako kabla hujafika katikati. Ukiridhika, wabonyeza kitufe kimoja tu.

Sasa wewe huna simu, na wazee wengi wa kwetu hawana. Mtu hutoa ya jirani. Cynthia, kwa adabu yake, aliandika vile vile ulivyomwambia: kwa Mwanakuu, mkato, mke wa Lennox, mkato, ndipo nambari. Basi kipande cha tatu kikawa si nambari tena, kikawa Mwanakuu mwenyewe.

Madaktari wageni wakaja, wakapasua, wakaondoka. Watu kumi na tisa hawakuitwa, nawe ukiwamo. Mwezi wa sita, harusini kwa mjukuu wako, nilikuona ukimpapasa bibi harusi uso kwa vidole, ukiuliza amevaa rangi gani. Kisha ukanivuta kando ukaniambia Mungu atamlipa yule msichana wa mapokezi aliyekusahau. Nami nikaitikia amina.

Amina hiyo, dada, ndiyo inayoninyima usingizi. Cynthia hakukusahau. Siku ile nikiandika alisimama nyuma yangu, akaniuliza itakuwaje kwa wale wa simu za jirani. Nilitaka kuonekana hodari. Nikamjibu kwamba mabano haya yalikuwapo kabla mamake hajaolewa. Papo hapo kompyuta ikanimalizia mstari: kisicho nambari, kirukwe. Sikupitiwa, neno hilo nililiona. Nikabonyeza. Wagonjwa walipolalamika, Daktari Jael akaniuliza, nikasema orodha ya mapokezi ilikuwa chafu. Cynthia akaambiwa akae nyumbani. Yuko kwao Rabai, miezi mitatu sasa.

Jana nilimweleza Daktari yote. Akasema Cynthia arudishwe kazini, nami nimwandikie yeye na wale kumi na tisa, kila mmoja barua yake, kwa mkono wangu. Nimeshaandika zote. Yako nimeiacha ya mwisho, kwani hao wengine hawakunilea.

Madaktari watarudi tarehe kumi na nne. Nitakuja mwenyewe tuvuke Feri pamoja, ukikubali nikushike mkono. Usipokubali, Mwanakuu atakuleta, nami nitakaa mbali.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi nduguyo,
Gunga