Kompyuta Imekosea Palepale

Shoga, uko wapi? Nimetoka darasani kufundisha kompyuta sasa hivi.

Yule mwalimu wa kwaya anayejiita Profesa! Nimemfundisha kuingiza nota za wimbo aliotunga kwenye programu ya muziki, moja moja, kama namlisha mtoto uji. Kabonyeza tusikilize. Kufika katikati, sauti ya alto ikachafuka, masikio yakauma.

Eti, "Programu yako haina sikio." HAINA SIKIO! Na nota kaandika mwenyewe!

Kaifokea kompyuta: "Rudia!" Ikarudia. Palepale. "Rudia!" Palepale.

Wanakwaya wake wa alto, aliokuja nao, walikaa nyuma. Mmoja akainuka: "Mwalimu, si ndipo hapo unapotufokea kila mazoezi kwamba hatujui kuimba?"

Profesa kachomoa waya ukutani.

Wale wa alto wakakiimba kile kipande wenyewe, vilevile alivyoandika, wakimkodolea macho.