Maua Yaliyoota Kuelekea Chini

Alhamisi. Mawingu yametanda Kariakoo tangu asubuhi, mvua hamna, joto ndiyo usiseme. Moyo wangu nao ni hivyohivyo.

Nimemkumbuka Deo. Ajabu ni kwamba tunafanya kazi meza moja.

Deo ndiye mkataji wa mapazia dukani kwetu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Zamani tukishafunga tulipitia grosari moja huku Msimbazi. Ukisimama kutwa nzima ukivutana bei na wateja, ile bia ya kwanza inakushusha mabega. Tuliwasema wateja, tukamsema bosi, tukacheka mpaka machozi. Kisha daktari akanikataza pombe kwa ajili ya presha, nikaacha kwenda. Kuikosa bia nimeshazoea. Kukikosa kile kicheko bado.

Yeye aliendelea, na bia zikazidi kuwa nyingi. Siku hizi anafika amechelewa, macho mekundu, anamumunya pipi za minti, hasemi na mtu mpaka mchana.

Leo alikata mapazia ya mama mmoja anayeozesha binti. Kitambaa kina maua yenye mashina, kwa hiyo kila kipande lazima kikatwe maua yakitazama juu. Deo aligeuza vipande viwili. Mama yule alipovinyanyua, akasema taratibu, "Baba, mbona haya maua yangu yanaota kwenda chini?"

Deo akainamia meza, akaanza kukunja mabaki ya kitambaa. Deo wa zamani angekuwa wa kwanza kujicheka.

Bosi wetu, Mama Nuru, hakufoka. Aliutoa mkasi mkononi mwa Deo, akanipa mimi.

"Deo mwanangu, kuanzia kesho hukati. Njoo umshikie mwenzio kitambaa. Usipokuja, nitajua umeacha kazi."

Mkasi huo nimeutamani tangu nilipoajiriwa. Leo ulinichoma mkono.

Tulipofunga nikamfuata grosari, mara ya kwanza tangu niache pombe. Jamaa wa stoo ya duka letu wakanishangilia, "Mzee wa soda huyo!" Deo akanisogezea kiti kwa mguu. Nilitamani kukaa pale mpaka wafunge. Na bia nayo niliitamani, siwadanganyi.

"Kaka," nikamwambia, "kesho njoo. Siwezi kukata peke yangu."

"Si umepewa mkasi wewe?"

"Nimepewa. Nani atanivutia kitambaa? Njoo, kaka."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaagiza bia nyingine.

Nimerudi nyumbani, hata kula sijala. Sina hasira naye, nina hamu naye tu, hamu ya mtu ninayemwona kila siku.

Kesho nitawahi dukani. Nitatandaza kitambaa mezani, maua yakitazama juu, na mkasi sitaugusa mpaka mtu ashike upande wa pili.

Ee Mungu, awe yeye.