Jitu la Chuma Lasema kwa Sauti Yangu

Mpendwa mshauri Bi Hanifa,

Naomba unisaidie upesi kabla sijahama mji, maana hapa Ibra uso wa kutokea sina tena. Mie ni mtu mzima, nimezaliwa Unguja, nimeletwa Oman bado msichana, nimeolewa hapa hapa, wana na wajukuu nimewapata hapa hapa, na Kiswahili changu sijakiacha hata siku moja, nakisema nyumbani, nakisema sokoni, na khasa nakisema kwenye simu, maana kalamu naiweza, lakini kuandika humo kwa vidole sikuweza, mie nabonyeza tu nasema, natuma kwenye kundi letu la ukoo, ndugu zangu wanasikia wanacheka, basi. Nakueleza haya kwa sababu balaa lote limetoka humo.

Nina mjukuu, Israa, anasoma chuo hapa Ibra, mtoto kashikwa na katuni za Kijapani, zile za majitu ya chuma ambayo watu huingia ndani wakayaendesha, yakapigana na madudu mpaka maghorofa yakaanguka. Akaniambia, Bibi, na mimi nafanya yangu, lakini ya kuchekesha. Nikasema fanya. Akaniambia, Bibi, naomba sauti zako zile za simu. Nikasema chukua, nikidhani ataka methali za kwenda kusomea. Toba yarabi!

Sasa sikiliza. Asya, binti yangu wa mwisho, ameposwa na kijana wa Al Qabil, Maen, na milka, yaani siku ya kufungishwa ndoa, iko karibu. Tukaenda kwao kuzungumza mambo ya shughuli. Mama yake Maen, Bi Wadha, ni Mwarabu mtupu, Kiswahili hajui hata kuomba maji. Tumekaa, matunda yameletwa, kahawa imeletwa, wajukuu zake wakawasha televisheni, ile kubwa ya ukutani, wakafungua katuni ya mtandaoni, na mie nimo katika kumenya chungwa nikasikia mtu anagomba, "We! Shikamoo yako iko wapi?" Nikageuka kutazama nani kasema. Nimesema mie! Sauti yangu, Bi Hanifa, yatoka kwenye jitu la chuma refu kama mnara, limefunga kanga kiunoni, kichwani limevaa kifuniko cha dele la kahawa, puani latoa moshi wa udi, na kijana wa kuliendesha kasahau kuliamkia, basi limekaa kitako katikati ya barabara, adui anakuja, mji unateketea, nalo halinyanyuki ng'o mpaka liamkiwe kwa adabu. Alipoliamkia likasema, "Marahaba," ndipo likainuka. Na kupigana halipigani! Adui akifika laanza kumuuliza hali, hujambo, watoto hawajambo, mama hajambo, huko mtokako kuna habari gani, na adui naye hana budi kujibu, akajibu, akajibu, mpaka chaji ikamwishia akaanguka. Watoto wanagaagaa kwa kicheko. Na mie, nikwambie kweli, nilianza kucheka.

Ndipo akatokea adui wa pili, naye jitu la chuma, la kike, limebeba dele. Likalimiminia lile la kwanza kahawa. La kwanza likaonja, likasema kwa sauti yangu, "Hii kahawa au maji ya kukoshea vikombe? Na hiyo halua, mtu ataacha meno yake ya bandia humo! Mwanamke mrefu bure, mkono wa jikoni hana." Niliganda na chungwa langu mkononi. Maneno hayo niliyasema mie, kwenye simu, nilipotoka nyumba ile ile ziara ya kwanza. Lakini nilisema kwa Kiswahili! Ndiyo desturi yetu, mbele ya asiyejua twasema letu, nani kadhurika? Kumbe chini ya picha Israa kaandika Kiarabu, neno kwa neno, hata meno ya bandia hakuyaruka!

Bi Wadha amesimama na dele lake, anasoma. Kisha akazunguka akawamiminia watu wote kahawa, mie akanifanya wa mwisho, akanipa kikombe, akanitazama usoni, akasema, "Shikamoo." Mwarabu mtupu! Rika langu! Aniamkia mie shikamoo, kejeli gani hiyo? Sikutamka neno. Nikakitikisa kikombe, kama tufanyavyo tukishatosheka, nikasahau kwamba sijakinywa, kahawa yote ikamwagika kwenye zulia lake. Nikasema nina kizunguzungu, tukatoka.

Tangu hapo simu za Al Qabil sipokei. Asya analia, asema Maen anamuuliza kama bado twawataka. Israa nimemwita kumgombeza, akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Bibi, mimi nimeomba, wewe umesema chukua. Jina yake sijataja. Na watu wote amependa!" Sasa nakusudia kumwambia Bi Wadha kwamba sauti ile si yangu, ni kompyuta imeniiga, si yawezekana siku hizi? Nifunze nisemeje hata aniamini.

Mie niliyefanywa jitu la chuma,
Ibra

JIBU

Bibi wa Ibra, pole. Nilicheka kwanza, kisha nikakuonea huruma, na sasa nakugombeza.

Hiyo habari ya kompyuta iache huko huko. Utaingiza uongo katika ndoa ambayo hata kufungwa haijafungwa? Na umdanganye nani? Hebu fikiri, mama, wewe mwenyewe umesema desturi yenu ni kusema lenu mbele ya asiyejua. Umekaa kwenye nyumba ya mtu, unakula chungwa lake, unainamia sikio la nduguyo, unasema, mnacheka, kisha mnamtazama. Hahitaji kujua Kiswahili kujua kwamba ni yeye. Bi Wadha alijua zamani kuwa anasemwa, alichokosa ni tafsiri tu. Mdomo uliponza kichwa, usimsingizie mjukuu.

Israa naye ana lake, usidhani nimemsahau. Ruhusa aliomba, lakini aliiomba kwa mtu asiyejua anaruhusu nini, na hakukuonesha kabla hajawaonesha walimwengu. Kile kipande cha kahawa na halua akiondoe leo hii. Jitu lenyewe alibakishe, maana linafurahisha, na adabu limekushinda.

Ndiyo, limekushinda. Isome tena barua yako. Umeniandikia mwenyewe kwamba jitu hukaa kitako, mji ukateketea, mpaka liamkiwe. Bi Wadha kayaona hayo kama ulivyoyaona, tena kayasoma kwa lugha yake. Angetaka kukukejeli, maneno ya kukukejelia alikuwa nayo tele, ulimtayarishia wewe. Angeweza kukurudishia ya meno ya bandia mbele ya wote. Hakuyataka. Katika Kiswahili chote kilichopita mbele yake akaokota neno moja tu, lile la kukuinua, akakuletea pamoja na kahawa ile ile uliyoitukana. Nawe ukaimwaga!

Waniuliza usemeje. Nenda Al Qabil kesho, Asya akupeleke kwa gari. Israa mwache nyumbani, ametafsiri ya kutosha. Halua usibebe, itakuwa umeongeza tusi. Omba radhi kwa Kiarabu, kwa kuwa tusi limemfikia kwa Kiarabu, na uombe mbele ya wale wajukuu zake, kwa kuwa wao ndio waliosikia. Zulia ulitaje. Kahawa unywe, na kikombe usikitikise mpaka akumiminie tena, iwe nzuri iwe mbaya. Na ile desturi ya kusema letu mbele ya watu, iishe siku hiyo hiyo, maana binti yako anakwenda kuishi nyumba ile, na atakayekaa akilipia maneno yako ni yeye.

Lakini yote hayo yatanguliwe na jambo moja. Maisha yako yote umewadai watu shikamoo, mpaka mjukuu wako alipotaka kuchora jitu lisiloinuka bila kuamkiwa hakuhitaji kwenda mbali. Umepewa shikamoo hiyo na mwanamke asiye na Kiswahili kingine duniani, amekwishasoma uliyomsema, na hukumjibu. Hata lile jitu la chuma lilijibu. Basi ukifika mlangoni kwake, kabla hujavua viatu, mwambie, "Marahaba."